Umeme wa kuua saratani ya tezi dume: je, kinga ya mwili itaifuata mpaka mifupani?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi niko Muscat, babaangu yuko Wete, Pemba, ana miaka 67. Amepimwa Dar es Salaam: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 84, kinyama kimetoka Gleason 4+4 (alama ya ukali wa saratani, jumla 8), na picha ya mifupa imeonyesha madoa matatu, mawili kwenye nyonga na moja ubavuni. Aliambiwa aanze sindano za homoni lakini bado hajaanza. Binamu yangu amepata kliniki moja ya Ulaya inayotibu kwa umeme usiochoma. Wanasema saratani ikifia mle mle ndani ya tezi, kinga ya mwili huitambua, halafu inakwenda kuimaliza ile ya mifupani, bila kuhasiwa wala madawa. Bei yake ni ya kuuza shamba la mikarafuu, na kaka zangu wako tayari. Ni kweli hayo?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Naanza na lisilosubiri: baba aanze matibabu ya homoni, yaani ya kukata homoni ya kiume, wiki hii, na shamba lisiuzwe kwa ajili ya tiba hiyo. Kaka zako watataka sababu, na wana haki ya kuzitaka, kwa hiyo nitazieleza kwa urefu. Waliyoambiwa hayakutungwa hewani. Yamo mambo ya kweli, tena ya kuvutia, ila yamevutwa mpaka mahali ambapo sayansi bado haijafika.

Tiba yenyewe inaitwa elektroporesheni isiyorudi nyuma, na mashine yake inayojulikana zaidi ni NanoKnife. Chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1967 ilikwishachapishwa kwamba mapigo makali na mafupi ya umeme huua bakteria bila kuwachemsha. Baadaye, miaka ya 1980, watu wa maabara wakaanza kutumia umeme mdogo zaidi kutoboa vitundu vya muda kwenye utando wa seli ili waingize vinasaba. Vitundu vikishaziba, seli inaendelea na maisha yake. Kuua seli kwa njia hiyo kulikuwa ni hasara ya kuepukwa. Ni Boris Rubinsky wa Berkeley na wenzake, mwaka 2005, waliogeuza hasara hiyo kuwa tiba: walionyesha kwa hesabu kwamba unaweza kuua eneo kubwa la tishu kwa vitundu visivyoziba, kabla joto halijapanda kiasi cha kuunguza. Miaka miwili baadaye ukachapishwa utafiti wa Gary Onik kwenye tezi dume za mbwa, kisha wakafuata wanadamu.

Mgonjwa hulazwa usingizi kamili, miguu imeinuliwa. Sindano ndefu, mara nyingi tatu mpaka sita, hupitishwa kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, huku daktari akiangalia kwa ultrasaundi. Sindano huuzingira uvimbe. Kisha kati ya kila jozi hupitishwa mapigo kama 70 hadi 90, yanayoweza kufika volti 3,000, kila pigo likidumu chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Misuli yote lazima ilegezwe kwa dawa, la sivyo mwili ungeruka mezani, na mapigo hupangwa yaendane na mapigo ya moyo ili yasiuvuruge. Mwenye betri ya moyo kwa kawaida hafanyiwi. Hilo neno “usiochoma” nalo lina chumvi kidogo, kwa sababu karibu kabisa na sindano joto hupanda. Lakini kwa sehemu kubwa ya eneo linalotibiwa, ni kweli kwamba seli hufa kwa kutobolewa, na nyuzi zinazoshikilia tishu, mishipa mikubwa ya damu na sehemu nzuri ya mishipa ya fahamu husalimika kuliko ukitumia joto au barafu.

Faida yake ya kwanza iko hapo, nayo haina uhusiano na kinga. Mwanamume mwenye uvimbe mmoja mdogo, upande mmoja wa tezi, anaweza kutibiwa sehemu hiyo tu akabaki na nafasi nzuri ya kuzuia mkojo na kusimamisha. Utafiti wa Marekani uitwao PRESERVE ulichukua wanaume 121 wenye saratani ya hatari ya kati, ukawachukua vinyama tena baada ya miezi 12: 84 kati ya kila 100 hawakuwa na saratani ya maana katika eneo lililotibiwa. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaipa NanoKnife kibali cha kuharibu tishu za tezi dume. Kaka zako wakisome kibali hicho vizuri. Kinahusu tishu za tezi. Habari ya kinga ya mwili haimo, wala mifupa haimo.

Baba yako angekuwa na uvimbe wa sentimita moja, Gleason 3+4, mifupa safi, ningekaa naye tukaizungumza tiba hiyo kwa dhati. Na hata hapo ningemwambia kwamba miezi 12 ni muda mfupi kwa ugonjwa huu. Utafiti wa Uingereza wa ProtecT uliwafuatilia wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema kwa miaka 15, na takriban 97 kati ya kila 100 hawakufa kwa saratani ya tezi dume, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa kwa vipimo tu. Kwa watu wa aina hiyo, tiba yoyote itaonekana imefaulu katika mwaka wa kwanza.

Sasa hiyo kinga. Wanaposema saratani inayokufa inaweza kuifundisha kinga ya mwili, wanazungumza jambo linalochunguzwa maabara kwa bidii, na elektroporesheni ina sababu za kuaminika za kulifanya vizuri kuliko moto. Protini ikipikwa hubadilika umbo, na kinga hutambua vitu kwa maumbo ya protini. Seli iliyotobolewa kwa umeme humwaga protini zake zikiwa karibu na hali zilivyokuwa. Pamoja nazo hutoka ishara za hatari, kama vile ATP na protini iitwayo HMGB1, ambazo kazi yake ni kuziita seli za ulinzi. Na kwa kuwa mishipa mingi ya damu pembezoni mwa eneo hilo bado iko wazi, seli hizo zina njia ya kuingilia, na zikishabeba vipande vya protini zina njia ya kutokea kuelekea kwenye tezi za limfu. Huko huzionyesha seli T, zile chembe nyeupe zinazoweza kumtafuta adui mahususi mwili mzima. Katika nadharia, seli T zilizofundwa kwenye tezi dume zinaweza kukutana na saratani hiyo hiyo popote iliko.

Panya wamethibitisha sehemu ya hadithi hii. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha kazi kuhusu panya waliopandikizwa saratani ya tezi dume. Umeme ukiunganishwa na dawa inayozuia CTLA-4, protini ambayo ni kama breki ya seli T, uvimbe ulidhibitiwa vizuri kuliko kwa umeme peke yake au dawa peke yake. Seli T mahususi dhidi ya saratani ile ziliongezeka, na nyingine zikaweka makazi kwenye tishu kama walinzi wa kudumu. Mimi niliposoma utafiti huo nilifurahi kweli. Lakini angalia kilichohitajika: umeme pamoja na dawa ya kufungua breki. Kliniki inakuuzia umeme pekee na kukuahidi matokeo ya vyote viwili, kwa mwanadamu, mifupani.

Na saratani ya tezi dume ni mkaidi mbele ya kinga. Wataalamu huiita saratani baridi, kwa maana kwamba ukiipima chini ya hadubini huzikuti seli T nyingi ndani yake. Mabadiliko ya vinasaba vyake ni machache ukilinganisha na saratani ya mapafu ya mvutaji sigara au ya ngozi, kwa hiyo kinga haina vitu vingi vigeni vya kushika. Kuna pia seli zinazoizunguka ambazo kazi yao ni kuituliza kinga. Mifupani hali ni ngumu zaidi. Saratani inapoumega mfupa humwagika kwa wingi kemikali iitwayo TGF-beta, ambayo huzuia seli T zisikomae kuwa za kupigana. Utafiti uliochapishwa 2019 na kundi la MD Anderson la Texas ulionyesha hilo waziwazi: dawa ile ile ya kufungua breki iliamsha seli T kwenye uvimbe wa chini ya ngozi ya panya, lakini uvimbe wa aina hiyo ukiwa ndani ya mfupa ilishindwa. Kwa hiyo mahali walipokuahidi ushindi ndipo mahali ambapo kinga inashindwa zaidi.

Jambo linalofanana sana na hilo la kliniki limekwishajaribiwa kwa binadamu, na kwa kipimo kikubwa. Matokeo yake yalichapishwa 2014: wanaume 799 waliokuwa na saratani iliyosambaa mifupani, ambao tiba ya homoni na dripu ya kemo, docetaxel, hazikuizuia tena. Walipigwa mionzi ya mara moja kwenye mfupa mmoja au zaidi, ikitarajiwa kwamba saratani inayokufa pale ingeifunda kinga, kisha nusu yao wakapewa ipilimumab, dawa ya kufungua ile breki ya CTLA-4, na wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Wastani wa kuishi ulikuwa miezi 11.2 dhidi ya 10.0, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha. Haki ya wagonjwa hao ni kusema pia kwamba walipofuatiliwa kwa miaka mingi, waliofika miaka mitano walikuwa karibu 8 kati ya 100 kwa waliopata dawa, na chini ya 3 kati ya 100 kwa ambao hawakupata. Kuna watu wachache ambao kinga yao iliamka kweli. Hatujui kuwachagua mapema, na madhara ya dawa hiyo yaliwaua baadhi ya wagonjwa.

Kundi moja dogo tunaweza kulitambua: wanaume takriban 3 kati ya 100 ambao saratani yao imepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya vinasaba. Kwao dawa ya pembrolizumab, ambayo nayo hufungua breki ya seli T, inaweza kufanya kazi nzuri, na tangu 2017 FDA imeiruhusu kwa saratani za namna hiyo bila kujali kiungo. Kinyama cha baba kimehifadhiwa kwenye nta maabara. Kikipimwa hilo itakuwa matumizi bora ya pesa kuliko tiketi ya ndege. Si lazima kipimwe leo, ila msikubali kitupwe.

Kliniki huenda ikakuonyesheni grafu za PSA zilizoshuka. Ukipewa grafu, uliza maswali mawili. La kwanza, mgonjwa huyo alikuwa akipata homoni wakati huo huo? Homoni peke yake huishusha PSA ya mtu kama baba yako kwa zaidi ya asilimia 90 mara nyingi, na umeme ukifanywa wiki hiyo hiyo utapokea sifa zisizo zake. La pili, picha za mifupa kabla na baada ziko wapi? PSA hutengenezwa na tezi, na ukiharibu sehemu ya tezi kwa njia yoyote ile PSA itashuka, hata kama mifupani hakuna kilichobadilika. Wakisema wanafanya utafiti, utafiti wa kweli huwa na namba ya usajili, kamati ya maadili, na kwa kawaida mgonjwa halipishwi ile tiba inayojaribiwa. Anayekuomba thamani ya shamba kwa kitu ambacho bado kinajaribiwa kwa panya anakuomba ubebe hatari yake na gharama yake.

Je, binamu yako ametaja pia tiba nyingine zisizotumia joto? Hujaandika, lakini anayetafuta mtandaoni huzikuta, basi nizipitie upesi. Ipo ya dawa inayoamshwa kwa mwanga, padeliporfin, iliyoruhusiwa Ulaya 2017 kwa saratani ya hatari ndogo tu. Ipo histotripsi, inayotumia mawimbi ya sauti kuzalisha viputo vinavyopasua seli; Oktoba 2023 iliruhusiwa Marekani kwa uvimbe wa ini. Hakuna iliyothibitishwa kwa saratani ya tezi dume iliyofika mifupani.

Turudi kwa baba. Kinachonisikitisha katika ahadi ya “bila kuhasiwa wala madawa” ni kwamba inamtenga na tiba zenye ushahidi kwa hali yake hasa. Tangu 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba saratani hii huishi kwa testosteroni, homoni ya kiume, kuikata homoni hiyo ndio msingi. Inaweza kufanywa kwa upasuaji mdogo wa kutoa korodani, ambao ni wa mara moja na nafuu, au kwa sindano kama goserelin, ambayo ya miligramu 10.8 huchomwa kila miezi mitatu. Achague mwenyewe, asichaguliwe na wanawe. Akichagua sindano, kumbusheni daktari kuhusu vidonge vya bicalutamide, vinavyoizuia testosteroni isifanye kazi, kwa wiki za mwanzo, kwa sababu sindano ya kwanza hupandisha testosteroni kabla ya kuishusha, na kwa mwenye madoa mifupani kupanda huko si kwa kupuuzwa.

Juu ya msingi huo, aongezewe vidonge vya abiraterone, vinavyozuia mwili kutengeneza homoni ya kiume, pamoja na prednisolone. Utafiti wa LATITUDE uliwachukua wanaume 1,199 wa aina ya baba yako: karibu wote walikuwa na Gleason 8 au zaidi na madoa matatu au zaidi ya mifupa. Waliopata abiraterone waliishi kwa wastani miezi 53.3, na waliopata homoni peke yake miezi 36.5. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na aina zisizo za kampuni ya mwanzo ni nafuu kuliko zamani. Kuna hata utafiti mdogo, wa watu 72, ulioonyesha kwamba miligramu 250 pamoja na chakula chepesi zilishusha PSA sawa na 1,000 za tumbo tupu. Madaktari wengi wa nchi zenye uwezo mdogo wanautumia, nami sioni aibu kuutaja, mradi daktari wake ndiye aamue. Shinikizo la damu, potasiamu na ini vipimwe mara kwa mara.

Na ikiwa kaka zako wanataka kitu kinachoishambulia tezi yenyewe, kipo, na hakihitaji kwenda Ulaya. Utafiti wa STAMPEDE wa Uingereza, matokeo ya 2018, uliwapa wanaume mionzi ya tezi dume ingawa saratani ilikwishasambaa. Kwa wenye mzigo mkubwa mifupani haikusaidia. Kwa wenye mzigo mdogo, na madoa matatu ya baba yanaingia humo, waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa 81 kati ya 100, dhidi ya 73 kwa wasiopata mionzi. Utafiti wa baadaye ulioongozwa na Wafaransa, PEACE-1, haukuona umri ukiongezeka namna hiyo, lakini uliona mionzi ikipunguza matatizo mabaya ya mkojo na, ikiunganishwa na abiraterone, kuuchelewesha ugonjwa. Mimi ningempa. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inatoa tibamionzi. Ni wiki chache za kukaa mjini, na hapo ndipo pesa ya familia itakapofaa: nauli ya boti, chumba, na mtu wa kumsindikiza.

Madhara ya homoni asifichwe. Atapata joto la ghafla usiku, hamu ya tendo la ndoa itapungua au kuondoka, misuli italegea, mifupa itakonda, na sukari inaweza kupanda. Atembee kila siku, ale protini ya kutosha, apewe kalsiamu na vitamini D ikiwa daktari ataona inafaa. Mama naye aelezwe, na mtu mzima mwenzake, kwa heshima. Nimeona wazee wakiacha sindano kimya kimya kwa sababu hakuna aliyemwambia mkewe kwamba mabadiliko yale yametokana na dawa.

Jambo la mwisho ni la kumwambia anayekaa na baba Wete. Akianza kulalamika maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukikataa kutoka, asisubiri tarehe ya kliniki wala kupakwa dawa ya kuchua. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na waelezwe kwamba ana saratani ya tezi dume mifupani. Uti wa mgongo ukibanwa, kinachoamua kama atatembea tena ni saa, na dawa ya kuanzia, dexamethasone, inapatikana Pemba pia.